Ricardo: Tajiri Aliyepinga Maslahi ya Tabaka Lake

Kanuni ya faida linganishi hukaririwa na wanafunzi wengi wa uchumi, lakini ni wachache wanaomjua aliyeifafanua. David Ricardo hakuwahi kusoma katika chuo kikuu chochote. Alizaliwa London mnamo Aprili 1772, katika familia kubwa ya Wayahudi iliyotokea Uholanzi. Baba yake alikuwa dalali katika soko la hisa. Akiwa na umri wa miaka 11, mtoto huyo alipelekwa Amsterdam kwa masomo, na alipofika miaka 14 alikuwa tayari akifanya kazi kwa babake.

Mwaka 1793 alimwoa Priscilla Wilkinson, binti wa dhehebu la Quaker. Ndoa hiyo ilimtenga na wazazi wake pamoja na dini yao. Kijana wa miaka 21 akajikuta hana urithi wala ajira. Waliomnusuru ni wafanyabiashara wenzake sokoni, waliouamini uadilifu wake na kumpa msingi wa kuanzia. Muda si mrefu akawa tajiri kumpita babake, ambaye baadaye walipatana. Alikuwa miongoni mwa waliochangisha mikopo ya serikali wakati wa vita dhidi ya Napoleon, na ushindi wa Waterloo mwaka 1815 ukamzidishia mali.

Elimu ya uchumi aliipata kwa kujisomea. Mnamo 1799, akiwa mjini Bath, alikutana na kitabu cha Adam Smith cha mwaka 1776. Smith alikuwa ameeleza jambo ambalo ni wazi kwa kila mtu: taifa na linunue nje kile ambacho wengine hukizalisha kwa gharama ndogo zaidi. Hiyo ndiyo faida kamili. Lakini je, taifa lililozidiwa katika kila kitu lina nini cha kuuza?

Jibu la Ricardo lilitoka mwaka 1817, katika kitabu alichokiandika kwa kuhimizwa na rafiki yake James Mill. Alichukua mfano wa Uingereza na Ureno. Uingereza ilihitaji watu 100 kwa mwaka kufuma nguo na 120 kutengeneza mvinyo. Ureno ilihitaji 90 kwa nguo na 80 kwa mvinyo. Ureno ilishinda kote. Hata hivyo, Ureno ikishughulikia mvinyo tu na Uingereza nguo tu, kisha zikabadilishana sehemu kwa sehemu, mazao yale yale yaliyohitaji watu 390 yatapatikana kwa kazi ya watu 360. Uingereza huokoa kazi ya watu 20, na Ureno ya watu 10. Kinacholinganishwa hapa ni kile ambacho kila nchi inakiacha ili ipate kingine. Gharama za nchi hizo mbili hazishindanishwi moja kwa moja. Neno faida huwapotosha wanafunzi wetu, kwa kuwa katika lugha ya sokoni ni fedha inayobaki baada ya kuuza. Mwalimu hana budi kulieleza kabla ya kugusa hesabu.

Hoja hiyo haikuwa mchezo wa namba. Sheria ya Nafaka ya 1815 ilizuia ngano ya kigeni mpaka ile ya ndani ifikie bei ya shilingi 80 kwa kila kipimo cha kwota. Mkate ukawa ghali, wenye mashamba wakanufaika. Ricardo mwenyewe alikuwa amenunua shamba la Gatcombe mwaka 1814. Alikuwa, basi, mmoja wa wale ambao sheria iliwapendelea, na bado aliipinga kwa maandishi na, tangu 1819, ndani ya Bunge. Tusimfanye malaika: kiti chenyewe, cha Portarlington huko Ireland, alikipata kwa fedha, kama ilivyokuwa desturi ya zama zile.

Jambo la pili la kumsifu ni kwamba hakuona haya kubadili msimamo. Katika toleo la 1821 aliongeza sura nzima akikiri kuwa mashine zaweza kumdhuru mfanyakazi, kinyume na alivyokuwa akiamini. Alifariki Septemba 1823, akiwa na umri wa miaka 51, kutokana na ugonjwa wa sikio. Sheria za Nafaka zilifutwa mwaka 1846, yeye akiwa kaburini.

Nasi tumsome kwa uangalifu huo huo. Hesabu yake ilichukulia kwamba mtaji haupendi kuhama nchi, na haikueleza vipi nchi hujifunza ufundi mpya. Ureno ilibaki na mizabibu, Uingereza ikawa na viwanda. Kenya, ambayo kwa miaka mingi imeuza chai yake kwa wingi kabla ya kutiwa pakitini, ina sababu ya kuuliza iwapo faida linganishi ya leo ndiyo tunayoitaka kesho. Mwanafunzi anayeuliza hivyo hamdharau Ricardo, bali anafuata mfano wake.