Joginder Singh: Fundi Aliyejitengenezea Njia

Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma maisha ya wapigania uhuru na washairi. Leo nawaletea maisha ya makanika. Jina lake ni Joginder Singh Bhachu. Wakenya walimwita Simba wa Kenya, na watu wa ng'ambo walimwita Singasinga Arukaye kwa jinsi alivyopeperusha gari.

Kila Safari Rally inapokaribia, vijana wa mtaa wetu huuliza swali moja. Hawa madereva huchaguliwa na nani, na pesa hutoka wapi? Huko Ulaya jibu linajulikana. Mtoto huanza kushindana kwa vigari vidogo akiwa bado shule ya msingi, wazazi wakigharamia. Timu kubwa hutuma watu wa kumtazama, na akiwapendeza humchukua na kumlipia. Lewis Hamilton wa Uingereza alichukuliwa na timu ya McLaren mwaka wa 1998 akiwa na miaka 13 tu. Je, Joginder naye aligunduliwa vipi? Waama, hakugunduliwa na mtu. Tuyafuate maisha yake tuone.

Alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Baba yake, Battan Singh, alikuwa amehamia Kenya kutoka Punjab na baadaye akawa na gereji hapa Nairobi. Joginder alisoma Nairobi, kisha akaingia katika gereji ya baba yake kama spana boi. Msidhani mtoto wa mwenye gereji alikaa ofisini akihesabu pesa! Kazi yake ilikuwa kulala chini ya gari, kufungua boliti zilizoshika kutu na kutoka hapo amepakaa grisi hadi masikioni. Hapo ndipo alipojifunza kusikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa.

Mwaka wa 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kama fundi wa doria, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kupewa kazi hiyo. Gari likikwama njiani, yeye ndiye wa kulikwamua. Wakati huohuo akaanza kushiriki mashindano ya magari, akiwa na umri wa miaka 26 hivi. Ukilinganisha na Hamilton, utasema huyu amechelewa mno. Lakini wahenga walisema kawia ufike.

Safari Rally yenyewe haikuwa mchezo. Ilianza mwaka wa 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Madereva walikimbia kilomita 5,000 hivi, usiku na mchana, wakati wa Pasaka mvua inaponyesha. Palikuwa na vumbi, mawe, wanyama, na ule udongo mweusi ambao ukilowa hunasa gari kama gundi. Mwaka wa 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza saba tu! Wazungu kutoka viwanda vikubwa vya Ulaya walikuja na magari mapya na mafundi wengi, wakarudi kwao mikono mitupu mwaka baada ya mwaka. Katika miaka hiyo mshindi alikuwa mtu wa huku Afrika Mashariki, aliyeijua njia.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi hulipenda zaidi katika maisha ya Joginder. Mwaka wa 1964 kiwanda cha Volvo cha Sweden kilileta magari aina ya PV544 kushindana Safari. Hawakupata ushindi waliotarajia, na magari yakauzwa hukuhuku badala ya kurudishwa kwao. Joginder akachukua moja, gari lililokwisha pigwa na barabara na ambalo wenyewe hawakulitaka tena. Yeye na ndugu yake Jaswant wakalifungua na kulitengeneza upya kwa mikono yao. Pasaka ya 1965 wakaingia nalo, Joginder kwenye usukani na Jaswant akimwelekeza. Walipewa nambari moja, kwa hivyo wakawa wa kwanza kuikanyaga njia, bila alama ya gurudumu la mwenzao mbele. Waliwashinda wote, na aliyewafuata alikuwa nyuma kwa zaidi ya saa nzima. Joginder, akiwa na miaka 33, akawa Mwasia wa kwanza kushinda Safari.

Baada ya hapo mambo yakageuka. Aliyekuwa akitafuta gari akaanza kutafutwa na wenye magari. Lazima tuelewe kwamba viwanda havikufanya hivyo kwa huruma. Katika miaka hiyo gari likishinda Safari lilitangazwa magazetini, na mkulima au mwalimu aliyekuwa na pesa zake alinunua gari la aina hiyohiyo, akijua litahimili barabara za kwao. Kwa hivyo kiwanda kilihitaji dereva ambaye hatalivunja gari. Joginder alijua ni wakati gani wa kukanyaga mafuta na wakati gani wa kulionea gari huruma, kwa sababu alijua kila chuma kilicho chini yake. Mwaka wa 1969 alikuwa wa pili kwa Volvo, na mwaka wa 1970 akawa wa pili tena, mara hii kwa Datsun.

Kisha wakaja Wajapani wa Mitsubishi. Mwaka wa 1974 walimpa Lancer ndogo yenye injini ya lita 1.6, na mwelekezi wake akawa David Doig. Aliyemfuata ni Björn Waldegård wa Sweden, na huyo alikuwa na Porsche yenye nguvu kupita Lancer. Hata hivyo Joginder akashinda, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwaka wa 1976 akarudia tena na Doig, na Lancer zikachukua nafasi tatu za mbele. Alikuwa na miaka 44. Joginder aliaga dunia London mnamo Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

Ndugu zangu, tusidanganyane. Joginder hakuanza na sufuri, kwani baba yake alikuwa na gereji. Sisi wa Ziwani tukienda mjini kwa miguu tunaweza kupita Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanapaita Grogan, tukaona vijana wa rika letu wakishusha injini kwa mnyororo. Wanajua gari kuliko wengi wanaoliendesha, lakini gari la mashindano bei yake ni mamilioni ya shilingi. Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, Wakenya wachanga kama McRae Kimathi na Hamza Anwar walisaidiwa wapate magari ya kushindania. Mwaka wa 2022 Kimathi alifika kushindana hadi kwenye theluji ya Sweden. Huo ni mwanzo mwema. Lakini wote wawili ni watoto wa madereva wa rally, kama vile Joginder alivyokuwa mtoto wa mwenye gereji. Huyu wa Grogan, ambaye baba yake hana gari wala gereji, nani atamtazama?

Kwa maoni yangu, makampuni yanayotafuta madereva yasiangalie tu wale ambao tayari wana magari. Yafike pia pale penye grisi. Nasi tulio shuleni tusimcheke mwenzetu anayekwenda gereji wakati wa likizo kushika spana. Joginder hakupewa gari la kiwanda hadi alipokwisha kushinda kwa gari ambalo kiwanda kililitupa.