Frederick Hopkins: Mtaalamu aliyekubali kukosolewa

Jembe likiachwa nje kwenye unyevu hushika kutu, kwa sababu oksijeni ya hewani hula chuma. Ndani ya miili yetu pia, oksijeni inayotupa uhai inaweza kuharibu seli. Moja ya vitu vinavyotulinda na madhara hayo tulikifahamu kupitia Mwingereza Frederick Gowland Hopkins.

Hopkins alizaliwa mwaka 1861 mjini Eastbourne, akafiwa na baba yake akiwa mtoto mchanga. Kabla ya kusomea udaktari London, alifanya kazi katika ofisi ya bima, kisha akajifunza kupima kemikali. Mwaka 1898 alihamia Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mwaka 1921 alitangaza kuwa amepata ndani ya seli kitu chenye salfa, akakiita glutathioni. Alisema kimeundwa kwa vipande viwili. Wataalamu wengine walipinga. Hopkins alikuwa na jina kubwa tayari, lakini hakung'ang'ania. Alirudi maabara, akapima upya, na mwaka 1929 akakiri kwamba vipande ni vitatu. Mwaka huohuo alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Christiaan Eijkman wa Uholanzi, ila kwa kazi yake kuhusu vitamini.

Glutathioni ina kazi gani? Seli hutengeneza protini ikiwa kama uzi mrefu, na uzi huo lazima ukunjwe sawasawa ndipo ufanye kazi. Protini nyingi zinazotumwa nje ya seli, kama insulini inayodhibiti sukari mwilini, hushikizwa kwa vifungo vya salfa. Katika kufunga vifungo hivyo seli hutumia oksijeni, na hapo hubaki haidrojeni peroksaidi, kemikali ileile tunayooshea vidonda. Ikizidi, huidhuru seli yenyewe.

Glutathioni husaidia kuigeuza kemikali hiyo kuwa maji. Pia husaidia kulegeza vifungo vilivyofungwa vibaya, ili protini ikunjwe upya. Ikishatumika, seli huirudisha katika hali yake ya kwanza, ikaanza kazi tena.

Mengi ya haya yaligunduliwa na wengine baada ya Hopkins kufariki Cambridge mwaka 1947. Lakini walianzia kwenye vile vipande vitatu alivyokubali kuvihesabu upya.