Boheti bin Amrani

Katika nchi ya Lindi kiko kilima kiitwacho Tendaguru. Yapata miaka milioni 150 iliyopita walikufa huko mijusi wakubwa mno, na mifupa yao ikageuka mawe. Mwaka 1909, baada ya vita vya Maji Maji, Wadachi walikuja kuichimba. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Kazi yake ilitaka mkono mwepesi na subira nyingi, kwani mfupa uliogeuka jiwe ukigongwa vibaya huvunjika vipande vipande. Mifupa ilipokwisha kusafishwa na kufungwa, wapagazi waliichukua kwa miguu mpaka Lindi, mwendo wa siku kadha wa kadha. Hata kufika mwaka 1913, tani zaidi ya 200 zilikuwa zimekwenda Ujerumani. Mwaka 1937 mnyama mmoja alisimamishwa Berlin, na leo kimo chake chapita mita 13. Watu wakamstaajabia, wengi wasijue ni mikono ya nani iliyomfukua. Lakini mwaka 2007 mjusi mwingine wa Tendaguru, mwenye shingo ndefu, alipewa jina la Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Basi kazi njema haipotei, ijapokuwa sifa yake huchelewa.