Jack Foley: Gwiji wa sauti aliyefichika nyuma ya skrini

WATAZAMAJI wa sinema husikia farasi akitimka mbio, theluji ikikanyagwa au ndege akipiga mabawa, wasijue kwamba farasi huyo ni vifuu viwili vya nazi, vile vile ambavyo Pwani hufanywa pawa. Theluji nayo ni wanga wa mahindi uliofungwa katika mfuko wa ngozi, na mabawa ni jozi ya glavu.

Sanaa hiyo ya kuiga maumbile kwa vyombo vya nyumbani huitwa Foley, kwa heshima ya Mmarekani Jack Foley, aliyezaliwa New York mwaka wa 1891.

Kabla ya kupata sifa hizo, Foley aliishi Bishop, mji mdogo wa wakulima jimboni California, akiuza vifaa dukani na kuliandikia gazeti la huko. Jiji la Los Angeles liliponunua ardhi na maji ya bonde hilo, wakulima wakabaki mikono mitupu, alikuwa miongoni mwa waliowashawishi waandalizi wa filamu za kauboi kuja kupigia picha zao huko ili wenyeji wapate riziki. Ndivyo alivyojikuta akiajiriwa na kampuni ya Universal.

Mnamo 1927 kampuni hasimu ya Warner Brothers ilitoa The Jazz Singer, filamu iliyosikika ikiimba na kuzungumza. Universal ilitahayari, kwani ilikuwa na filamu bubu ya Show Boat mkononi. Foley na wenzake wakasimama mbele ya skrini, kando ya okestra, wakatoa vifijo na vishindo huku picha zikipita. Yote yalinaswa kwa mkondo mmoja. Aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Filamu hiyo ilitolewa mwaka wa 1929.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini mvua isirekodiwe mvuani. Aghalabu mvua halisi ikinaswa na mikrofoni husikika kama mafuta yanayokaanga. Hivyo bati likitikiswa huwa radi, na karatasi ya peremende ikifinyangwa huwa moto unaoteketeza msitu. Sikio hukubali uongo huo kwa urahisi kuliko ukweli wenyewe.

Lakini kilichomshughulisha Foley zaidi ni nyayo. Aliutazama mwendo wa mwigizaji hadi akaujua, kisha akautembea papo hapo studioni, na kwa msaada wa bakora akaweza kutoa hatua za watu kadhaa kwa mpigo.

Tajriba hiyo iliokoa fedha nyingi wakati wa kuandaliwa kwa Spartacus, filamu ya mwaka wa 1960. Inasimuliwa kwamba mwelekezi Stanley Kubrick hakuridhishwa na sauti ya minyororo ya watumwa waliokuwa wakitembea, akataka kupiga picha hizo upya ng'ambo. Foley alichukua mashada ya funguo, akayatikisa kwa kufuata hatua zao, na safari ikafutiliwa mbali.

Hata hivyo, malipo ya jasho hilo hayakuwa pamoja na umaarufu. Katika takriban filamu zote alizofanyia kazi, jina lake halikuandikwa. Aliaga dunia mwaka wa 1967. Siku hizi majina ya warithi wake hupita mwishoni mwa filamu, chini ya kichwa chenye jina lake, wakati ambapo watazamaji wengi wameshainuka vitini.