Askofu Mkuu Silvanus Wani, Kasisi wa Askari Kutoka Koboko

Kila askari anaujua uchovu usioondolewa na usingizi. Mtu hutoka lindo alfajiri, akalala, akaamka, na mzigo bado umo moyoni. Leo twasimulia maisha ya mtu aliyewatumikia wenye mzigo huo, marehemu Askofu Mkuu Silvanus Goi Wani, mwana wa Koboko.

Wani alizaliwa mwaka 1916 miongoni mwa Wakakwa, karibu na mahali inapokutana mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Miaka miwili baadaye, mwaka 1918, wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua. Kituo chao cha Mvara kikawa chimbuko la kanisa ambalo huko West Nile liliungana na Waanglikana. Katika Uganda ya siku zile, aliyejiandaa kubatizwa aliitwa msomaji, na jina hilo lilikuwa na maana yake. Imani haikugawiwa kama sare inavyogawiwa ghalani. Watu waliketi pamoja, wakajifunza herufi, na herufi zikawafikisha kwenye Injili. Aliyejua kusoma alisoma kwa sauti, wenzake wakasikiliza na kuulizana.

Mwaka 1943 Wani aliwekwa wakfu kuwa kasisi, na kuanzia mwaka 1944 hadi 1946 alitumikia katika King's African Rifles. Katika vita vile vikuu, askari wa jeshi hilo walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Walitoka makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kazi ya kasisi kati ya watu kama hao ni kuwazika waliokufa, kuwatazama majeruhi, na kuwakusanya walio hai kulizunguka Neno. Hapo koplo huketi kando ya afisa wake, na cheo hungoja nje ya mlango.

Nguvu ya kusoma pamoja ilikuwa imekwisha kudhihirika nchini. Mnamo Septemba 1929, Daktari Joe Church, Mwingereza wa hospitali ya Gahini huko Rwanda, alikuja Kampala akiwa amechoka na kuvunjika moyo. Huko Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Muganda aliyekuwa akiitafuta imani iliyo hai. Wawili hao walikaa siku mbili wakiisoma Biblia na kuomba. Daktari aliyekuja kutafuta mapumziko aliyapata, wala si kwa kulala. Kutoka Gahini, katika miaka ya 1930, uamsho ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika kwa njia ya vikundi vidogo. Watu walisoma, wakaungama makosa yao wazi, wakasameheana. Huo ndio upepo uliovuma katika Kanisa alilolitumikia Wani.

Mwaka 1964 alifanywa Askofu wa Uganda ya Kaskazini, na mwaka 1969 akawa Askofu wa Madi na West Nile, akirudi kati ya watu wake. Aliongoza pia makasisi wa Jeshi la Uganda huru. Hivyo, Idi Amin, naye Mkakwa na askari wa zamani wa K.A.R., aliposhika dola mwaka 1971, Wani alijikuta pagumu. Mtawala alikuwa wa kabila lake, na wenye bunduki walikuwa kundi lake la kuchunga.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1977. Mwezi Februari maaskofu walimwandikia Amin kulalamikia mauaji na dhuluma za askari. Tarehe 16 mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, pamoja na mawaziri Charles Oboth Ofumbi na Erinayo Oryema. Oryema huyo ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi nchini. Serikali ilidai kuwa ni ajali ya gari. Wani ndiye aliyechaguliwa kukalia kiti kilichoachwa na Luwum. Si vigumu kuyafahamu mashaka ya waliojiuliza kama Mkakwa angeweza kumfuata Mwacholi aliyeuawa. Lakini Kanisa halikuvunjika mikononi mwake. Mwaka uo huo liliadhimisha miaka mia moja tangu Injili ilipofika Buganda, huku likiwa bado katika majonzi.

Amin alianguka mwaka 1979, na kisasi kikaiangukia West Nile. Mwezi Oktoba 1980, baada ya askari wa zamani kuvuka mpaka na kushambulia, jeshi la serikali liliwaadhibu raia. Koboko na Arua zikawa mahame, na watu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari waliopaswa kuwalinda. Hayo yote yalitukia Wani akiwa Askofu Mkuu, na waliokufa walikuwa watu wa nyumbani kwake. Alistaafu mwaka 1983, akafariki mwaka 1998.

Twajifunza nini sisi tuliovaa sare, na sisi tunaolindwa nao? Kitabu cha Matendo ya Mitume chatusimulia habari za Kornelio, akida wa Kaisaria. Alipomngoja Petro, hakungoja peke yake. Aliwakusanya jamaa na rafiki zake, ili wote walisikie Neno. Alijua kwamba mtu peke yake huweza kujidanganya. Huweza kuiita dhuluma amri, na kuuita woga utii. Katikati ya wenzake, Kitabu kikiwa wazi, ni vigumu kujificha.

Basi, ndugu askari, wawili au watatu wakutanapo bwenini baada ya zamu, wasome na kuambiana kweli. Hapo ndipo mtu hujua kwa nini alipewa silaha, na ni nani asiyepaswa kuelekezewa. Mwenye kulijua hilo atalala, na raia aliye jirani na kambi yake atalala pia.