Wasifu wa Howard Phillips Lovecraft: Mwandishi wa Hofu

Mtahiniwa, huenda umewahi kucheza mchezo wa kompyuta au kutazama filamu yenye jitu lililolala chini ya bahari, au kitabu kinachomtia wazimu kila anayekisoma. Mambo hayo kwa sehemu kubwa yanatokana na mtu mmoja, Howard Phillips Lovecraft. Soma maisha yake kwa makini, kwani yatakusaidia kujibu swali linalopendwa na watahini: mazingira ya mwandishi huathiri vipi kazi zake?

Lovecraft alizaliwa tarehe 20 Agosti 1890 katika mji wa Providence, Marekani. Alikuwa mtoto wa pekee. Mwaka 1893 baba yake aliugua maradhi ya akili, akalazwa hospitalini na kufariki humo mwaka 1898. Mtoto alilelewa na mama yake nyumbani kwa babu, ambaye alikuwa na maktaba kubwa na alipenda kumsimulia visa vya kutisha. Mwaka 1904 babu alifariki, mali ikapotea, na familia ikahama nyumba ile. Mwaka 1908 afya yake ilidhoofika, akaacha shule ya sekondari bila cheti. Usilifanye jambo hili kuwa kisingizio cha kuacha masomo: lilimtia aibu kwa miaka mingi, na hakupata kamwe ajira ya kudumu.

Kuanzia mwaka 1923 hadithi zake zilichapishwa katika jarida la Weird Tales. Mwaka 1924 alimwoa Sonia Greene, wakahamia New York. Huko alitafuta kazi bila mafanikio, na mwaka 1926 akarudi Providence. Mwaka huohuo aliandika hadithi yake maarufu kuliko zote, The Call of Cthulhu, iliyochapishwa mwaka 1928.

Zingatia dhamira yake kuu. Katika ngano zetu, zimwi hula watu, lakini mwishowe hushindwa kwa werevu wa shujaa. Kwa Lovecraft hakuna ushindi wa namna hiyo. Viumbe wake wametoka mbali angani, ni wa kale kuliko binadamu, na wala hawamchukii; hawamjali tu, kama wewe usivyomjali siafu unayemkanyaga njiani. Kinachomwangamiza mhusika wake mara nyingi ni kuujua ukweli huo.

Lovecraft alifariki kwa saratani tarehe 15 Machi 1937, akiwa na umri wa miaka 46. Alikuwa maskini, na nje ya wasomaji wa majarida yale hakujulikana sana. Kazi zake hazikupotea kwa sababu mbili. Kwanza, alipokuwa hai aliwaruhusu waandishi wenzake kutumia viumbe na vitabu alivyovibuni, naye akatumia vya kwao. Pili, mwaka 1939 August Derleth na Donald Wandrei walianzisha kampuni ya Arkham House ili kuchapisha hadithi zake.

Athari zake zilienea baadaye. Mwaka 1981 ulitoka mchezo wa mezani uliopewa jina la hadithi yake, Call of Cthulhu. Katika michezo mingi, kadiri unavyoendelea ndivyo unavyopata nguvu. Katika mchezo huu mhusika ana alama za akili timamu, na kila anapogundua siri za kutisha, alama hizo hupungua. Mchezo wa video Bloodborne wa mwaka 2015 ulifuata njia hiyo: mchezaji akiongeza maarifa, huanza kuona majitu yaliyokuwapo muda wote bila yeye kuyaona. Hata hospitali ya wendawazimu katika visa vya Batman inaitwa Arkham, jina la mji alioubuni Lovecraft.

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Lovecraft alikuwa mbaguzi wa rangi. Aliwadharau watu weusi, Wayahudi na wahamiaji, ingawa mke wake mwenyewe alikuwa Myahudi na mhamiaji. Dharau hiyo imo katika barua zake na hata katika hadithi zake, ambamo wageni huonyeshwa kama hatari. Kwa miaka mingi washindi wa Tuzo ya World Fantasy walipewa sanamu ya kichwa chake. Nnedi Okorafor, mwandishi mwenye asili ya Nigeria, aliishinda mwaka 2011 na akaeleza hadharani jinsi sanamu hiyo ilivyomkwaza. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba sanamu hiyo haitatumika tena.

Mtahiniwa, ukiulizwa kumhakiki mwandishi wa aina hii, usifiche ubaya wake kwa sababu kazi yake ni maarufu, wala usikane ubunifu wake kwa sababu tabia yake inachukiza. Eleza yote mawili, kisha onyesha yanavyohusiana: hofu ileile ya kitu kigeni iliyozaa hadithi zake ndiyo iliyomfanya awaogope majirani zake. Hoja yenye ushahidi wa pande zote mbili ndiyo inayosimama.

Jipime
1. Taja matukio mawili ya utotoni yaliyoathiri uandishi wa Lovecraft.
2. Linganisha zimwi wa ngano na viumbe wa Lovecraft.
3. Je, ilikuwa haki kuiondoa sanamu yake? Tetea jibu lako kwa hoja tatu.