Mahatma Gandhi na nadhiri ya maziwa iliyomshinda

DUNIA humkumbuka Mahatma Gandhi kwa jinsi alivyoitikisa dola ya Uingereza bila kushika silaha. Wachache hukumbuka kwamba shujaa huyo alipigana vita vingine vya miaka mingi kwenye sahani yake, akijaribu kuishi bila kula chochote kinachotokana na mnyama.

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa Oktoba 2, 1869 mjini Porbandar, magharibi mwa India. Wazazi wake walikuwa Wahindu wa madhehebu ya Vaishnava, ambao hawali nyama, na mamaye, Putlibai, alisifika kwa kufunga na kushika ibada.

Hata hivyo, ujanani Gandhi alishawishiwa na rafiki yake kwamba Waingereza waliwatawala Wahindi kutokana na nguvu walizozipata kwa kula nyama. Akala nyama ya mbuzi kwa siri kando ya mto. Usiku huo usingizi ulimpaa. Kila alipofumba macho alihisi kana kwamba mbuzi hai analia tumboni mwake.

Aliendelea kula nyama mara moja moja kwa takriban mwaka mzima. Kilichomfanya aache hakikuwa huruma kwa wanyama bali uchungu wa kuwadanganya wazazi wake.

Mnamo 1888 aliabiri meli kwenda London kusomea sheria. Kabla ya kumruhusu, mamaye alimtaka aape kwamba hatagusa nyama, pombe wala wanawake. Kiapo hicho kilimtesa. Chakula alichopewa alikofikia hakikuwa na ladha, naye akashinda njaa huku marafiki wakimsihi aachane na ahadi aliyompa mama asiyejua maisha ya ugenini.

Siku moja, akizunguka mitaani, aliona mkahawa wa chakula kisicho na nyama katika barabara ya Farringdon. Alinunua hapo kitabu cha Henry Salt kilichotetea ulaji wa mboga, kisha akala hadi akashiba kwa mara ya kwanza tangu awasili Uingereza.

Kitabu hicho kilimgeuza. Awali alijizuia kwa sababu ya kiapo tu, huku akitamani siku ambayo Wahindi wote wangekula nyama. Sasa alikuwa mla mboga kwa hiari yake, akajiunga na chama cha wala mboga cha London na kuchaguliwa katika kamati yake kuu.

Faida hazikukawia kuonekana. Alihamia chumba kimoja, akajipikia uji wa shayiri na kutumia shilingi moja na peni tatu pekee kwa siku. Kila siku alitembea kati ya maili nane na kumi, na mwili wake ukapata nguvu.

Baada ya kuhitimu na kurejea nyumbani, kazi ya uwakili haikumwendea vyema. Mwaka 1893 alipata kesi Afrika Kusini, na katika safari hiyo meli yake ilitia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar. Pale Lamu aliponea chupuchupu kuachwa na meli, kwani mkondo wa maji ulikuwa mkali na mashua iliyomrudisha ilitatizika kuifikia.

Huko Afrika Kusini, msimamo wake ulimgharimu. Alimkopesha mwanamke mmoja pauni 1,000 za mteja wake ili kupanua mkahawa wa wala mboga jijini Johannesburg. Biashara hiyo iliporomoka, naye akalazimika kulipa fedha hizo kutoka mfukoni mwake.

Jamaa zake pia walionja makali hayo. Mkewe, Kasturba, alipozidiwa baada ya upasuaji jijini Durban, daktari alisisitiza apewe supu ya nyama ya ng'ombe. Gandhi alimwachia mkewe uamuzi, naye Kasturba akakataa katakata. Wakaondoka kwa daktari huyo chini ya manyunyu ya mvua, mgonjwa akiwa hoi. Kasturba alipona, lakini hatari waliyoikabili ilikuwa kubwa.

Mnamo 1910, Gandhi na rafiki yake Hermann Kallenbach walianzisha makao ya Tolstoy Farm, maili 21 kutoka Johannesburg. Ni huko ambako mnamo 1912 wawili hao waliacha maziwa kabisa.

Gandhi aliamini kwamba maziwa huchochea matamanio ya mwili. Isitoshe, alikuwa amesoma maandishi kutoka Calcutta yaliyoeleza mateso waliyopata ng'ombe na nyati mikononi mwa wafugaji waliotaka kuwakamua zaidi. Tangu hapo akaishi kwa karanga, ndizi, tende, malimau na mafuta ya zeituni. Wakazi wa makao hayo waliokuwa na shughuli zao binafsi mjini walikwenda kwa miguu, naye hakujitenga nao.

Mambo yaliharibika mwaka 1918, baada ya kurejea India. Akizunguka wilaya ya Kheda, alikula hasa siagi ya karanga na malimau. Alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu uliomdhoofisha hadi akadhani anakata roho.

Daktari alimweleza kwamba hangerejesha nguvu bila maziwa. Alipojitetea kwa nadhiri yake, Kasturba alimkumbusha kwamba alipoapa alikuwa akifikiria ng'ombe na nyati, si mbuzi. Gandhi, aliyetaka kuishi ili aendeleze mapambano dhidi ya wakoloni, akasalimu amri na kunywa maziwa ya mbuzi.

Alipona, ila hakujisamehe. Katika kitabu cha maisha yake alikiri kwamba alitimiza maneno ya nadhiri na kuiua roho yake. Aidha, aliwaonya wafuasi walioacha maziwa kwa kumuiga wasiendelee iwapo hawaoni manufaa au hawana ushauri wa daktari mwenye ujuzi.

Mnamo Novemba 1931 alirudi London na kuwahutubia wala mboga, Salt akiwa ukumbini. Aliwaambia kwamba wanaoacha nyama kwa ajili ya afya pekee mara nyingi hurudi nyuma, na kwamba anayedumu ni yule anayesukumwa na maadili.

Gandhi aliuawa kwa kupigwa risasi Januari 30, 1948. Mwaka huo huo, wanasayansi wa Marekani na Uingereza walifaulu kuitenga vitamini B12, ambayo mwili huihitaji kutengeneza damu na kulinda neva, na ambayo mimea haiwezi kutegemewa kuitoa.

Leo, tafiti zinahusisha lishe ya mimea iliyopangwa vyema na kupungua kwa hatari ya maradhi ya moyo na kisukari. Madaktari nao huwashauri wasiokula nyama, mayai wala maziwa watumie vidonge vya B12 au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Gandhi alitamani mtu avumbue chakula cha mimea kitakachochukua nafasi ya maziwa. Aliondoka duniani akingali anakunywa ya mbuzi.